MAFUA YASIYOKWISHA: JE, CHAKULA NA DAWA ZA ASILI ZAWEZA KUTULIZA MZIO WA MSIMU?

 Pua yangu haipoi. Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye yule wa Kidato cha Tatu anayeitwa "Korona" kwa sababu ya chafya. Jina hilo nilipewa siku ya tatu nilipojiunga na shule hii, na halijanitoka hadi leo.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kwa hiyo leo sitaficha. Nataka kuwaeleza ugonjwa huu ni nini, kwa nini hapa kwetu Nakuru unatusumbua sana, na kama kweli asali, vitunguu, tangawizi na zile chupa za barabarani zinasaidia. Nimesoma vitabu vya Biolojia, nimeuliza walimu, nimeuliza nyanya yangu, na nimejipima mwenyewe kwa daftari. Tena nina sababu nyingine ya kuandika, ambayo ilinipata nikiwa Kidato cha Pili na karibu initoe roho. Hiyo nitaieleza mbele kidogo.

MZIO NI NINI?

Mwili wetu una askari. Askari hawa kazi yao ni kupigana na vijidudu vinavyoingia, kama vile bakteria na virusi. Mwenye mzio ana askari wazuri tu, lakini wenye hasira ya bure. Wanaona chavua ya nyasi, kitu kisichodhuru mtu, wanadhani ni adui. Basi wanapiga kengele.

Kengele yenyewe hupigwa hivi. Mara ya kwanza unapovuta chavua, mwili hutengeneza kingamwili ya aina iitwayo IgE. Kingamwili hizi hukaa juu ya seli fulani zilizo puani, machoni na kifuani, zikingoja. Chavua ile ile ikirudi, inanaswa, na seli zinamwaga kemikali iitwayo histamini. Histamini ndiyo huleta muwasho, kamasi jepesi kama maji, macho mekundu na chafya. Kwa mwenye pumu, njia za hewa kifuani hubana na pumzi hukatika.

Ugonjwa huu si mgeni duniani. Mwaka 1819 daktari Mwingereza aitwaye John Bostock aliueleza mbele ya madaktari wenzake, na mgonjwa aliyemsimulia alikuwa yeye mwenyewe. Watu wakati huo walidhani ni joto la kiangazi au harufu ya nyasi kavu. Mwaka 1873 Mwingereza mwingine, Charles Blackley, ambaye naye alikuwa akiugua, alichapisha kitabu kuonyesha kuwa kisababishi ni chavua. Alijipaka chavua puani na kwenye ngozi aliyoikwaruza, akaona inavimba. Neno lenyewe ambalo sisi tunaliita mzio lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa Austria, Clemens von Pirquet. Na ile kingamwili ya IgE iligunduliwa katika miaka ya 1960. Kwa hiyo mtu akikuambia ati ni ugonjwa wa watoto wa matajiri wanaodekezwa, mwambie aende akasome.

KWA NINI NAKURU?

Inasemekana jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Nyanya yangu anasema jina hilo halikukosewa. Katikati ya miaka ya 1990 Ziwa Nakuru lilipokauka, upepo ulikuwa ukizoa vumbi jeupe la magadi kutoka sakafu ya ziwa na kulimwaga mjini. Siku hizi mambo yamegeuka. Tangu mwaka 2010 hivi ziwa limekuwa likipanda na kumeza hata barabara na majengo ya mbugani. Lakini vumbi la barabara zetu bado lipo, hasa Januari na Februari.

Hapa sharti tutofautishe mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya. Vumbi la udongo linamkwaruza kila mtu koo na pua. Ukipiga chafya kwa sababu ya vumbi la matatu, huo si mzio lazima. Mzio ni wa wachache, na una kitu chake maalumu kinachouamsha. Kwetu huku vitu hivyo ni vingi:

Kwanza, nyasi. Mvua za masika zikinyesha kuanzia Machi hadi Mei, nyasi hukua, na baadaye hutoa maua. Maua ya nyasi hayana rangi wala harufu, hivyo huyaoni, lakini hutoa chavua nyingi nyepesi inayobebwa na upepo. Uwanja wetu wa mpira ukiachwa bila kufyekwa, mimi najua kabla ya mwalimu wa michezo kujua. Kuna pia mashamba ya nyasi za boma rhodes ambazo wafugaji hukata na kufunga marobota.

Pili, pareto. Kwa miaka mingi Kenya iliongoza duniani kwa zao hili, na Molo, Njoro na Elburgon ni kwao. Maua yake hutoa dawa ya kuua wadudu. Lakini vumbi la maua yaliyokaushwa limejulikana tangu zamani kuwaletea baadhi ya watu chafya, pumu na upele wa mikono. Nyanya alichuma pareto akiwa msichana. Anasema wakati wa kuanika alikuwa akijifunga leso puani, la sivyo usiku halali.

Tatu, mathenge. Ukishuka kwenda Marigat huko Baringo utaona mti huu wa miiba umejaa kila mahali. Uliletwa miaka ya 1980 kuzuia jangwa, sasa wenyewe umekuwa shida. Chavua yake inajulikana katika nchi nyingi kuwa inaleta mzio.

Nne, mavuno. Ngano ikivunwa Njoro na Mau Narok, na mahindi yakipukuchuliwa, hewa hujaa makapi na mbegu za kuvu. Na tano, wale wadudu wadogo wasioonekana kwa macho wanaoishi ndani ya magodoro na blanketi. Hawa hawana msimu, wapo mwaka mzima.

KISA CHA CHUPA

Sasa nifike kwenye kisa changu. Nina pumu tangu darasa la nne. Nilipewa dawa mbili za kuvuta: ya bluu ya kufungua kifua kikibana, na ya kahawia ya kuvuta kila siku hata kama sijisikii mgonjwa, ili kuzuia.

Mwaka jana mwezi wa sita, pua ilinizidi. Tulikuwa katika mtihani wa Hisabati. Nilipiga chafya kumi na moja mfululizo, karatasi ikalowa. Mwalimu msimamizi akaniambia, "Wewe, toka nje umalize hayo mambo yako." Nilipomaliza, dakika ishirini zilikuwa zimekwenda. Nilipata alama 31. Nilikwenda nyumbani nikilia, na ukweli ni kwamba sikulilia pua. Nililia 31.

Mama yangu ni mama mboga sokoni. Siku ile akamsikia mchuuzi mmoja kwenye steji akitangaza kwa kipaza sauti: dawa ya mizizi, inatibu mzio, pumu, vidonda vya tumbo, kisukari na nguvu za mwili. Chupa shilingi 1,200. Mama alitoa pesa ambazo zilikuwa za kumalizia karo yangu. Mchuuzi akamwambia pia, "Mama, mwache mtoto aache hizo za kuvuta, hizo ni kemikali, zinachosha mapafu."

Nikaacha ile ya kahawia. Siku tatu za kwanza niliona kama nimepona. Pua ilikauka, nikalala vizuri, mama akafurahi akamwambia kila mtu sokoni. Usiku wa tisa nikaamka nikiwa siwezi kumaliza neno. Nilijaribu kusema "mama" nikasema "ma" tu. Ya bluu ilikuwa imekwisha na hatukuwa tumenunua nyingine, kwa maana tulidhani nimepona. Jirani mwenye bodaboda alitubeba watatu, saa tisa usiku, mimi katikati.

Hospitalini niliwekewa mashine ya mvuke wa dawa mara tatu. Kulipopambazuka daktari wa zamu akaomba aione chupa. Akaigeuza pande zote. Haikuandikwa kilichomo, wala nani aliyeitengeneza, wala tarehe ya mwisho. Hakumgombeza mama. Alisema hivi tu: "Mama, mtu anayejua anachouza huandika." Mama aliinamisha kichwa. Mpaka leo chupa hiyo iko juu ya kabati letu, nusu, hataki itupwe. Anasema ni ya kumkumbusha.

Naomba mnielewe, sisemi dawa za asili zote ni uongo. Nyanya yangu ni mzima kwa hizo. Nasema kilichonidhuru ni kuacha dawa ya kuzuia pumu. Na kwa nini siku tatu za kwanza nilipata nafuu? Sijui kilichokuwamo, na hakuna atakayejua. Ila nimesoma kwamba katika nchi mbalimbali, dawa zinazouzwa kama za mitishamba zimewahi kupimwa zikakutwa zimetiwa steroidi kwa siri. Hizo hutuliza haraka, halafu madhara huja nyuma.

TUPIME CHAKULA KIMOJA KIMOJA

Baada ya kisa hicho nikaamua kuchunguza. Hebu tuviangalie vitu ambavyo watu husifu.

Asali. Hiki ndicho ninachoambiwa na kila mtu: kula asali ya hapa hapa kwenu, ina chavua ya hapa hapa, mwili utazoea. Wazo hili lina akili. Hata madaktari huwazoesha wagonjwa kwa kuwapa chavua kidogo kidogo kwa miaka kadhaa. Lakini kuna kasoro. Nyuki huenda kwenye maua ya rangi na harufu, na chavua ya maua hayo ni nzito na ya kunata. Inayotusumbua sisi wengi ni chavua nyepesi ya upepo, kama ya nyasi, ambayo katika asali ni kidogo sana na haina kipimo. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 36. Wengine walipewa asali ya kwao, wengine asali ya kutoka mbali, wengine sharubati iliyotiwa ladha ya asali. Hakuna kundi lililopata nafuu kuliko jingine. Asali ya Baringo ni tamu na inalainisha koo linalowasha, basi ile kwa hilo. Lakini mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe kabisa, kwa maana yaweza kuwa na vijidudu vyenye sumu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Vitunguu vyekundu. Ndani yake mna kitu kiitwacho kwesetini. Katika maabara, kwesetini huzizuia zile seli zisimwage histamini. Nilifurahi sana kusoma hivyo, maana mama anauza vitunguu. Kisha nikapiga hesabu. Majaribio madogo ya Japani yametumia miligramu 200 kwa siku, tena iliyotengenezwa ili iingie mwilini kwa urahisi. Gramu 100 za kitunguu chekundu zina kama miligramu 20 hadi 40. Kwa hiyo ningehitaji kula nusu kilo hadi kilo nzima ya vitunguu kila siku. Nani angekaa karibu nami darasani? Weka kachumbari kwenye sahani yako kwa sababu ni chakula kizuri, si kwa sababu ni dawa.

Mapera, machungwa na mboga za kijani. Vitamini C husaidia mwili kuivunja histamini, lakini majaribio ya kuitumia kutibu mzio hayajaonyesha mengi. Hata hivyo sikiliza hesabu hii: gramu 100 za chungwa zina miligramu 50 hivi za vitamini C. Gramu 100 za mapera zina zaidi ya 200! Na mapera huku yanaanguka chini ya miti yakiliwa na ndege, huku sisi tukinunua tembe za vitamini dukani. Ama kweli ukiona vyaelea, vimeundwa, lakini hivi vimeota vyenyewe na bado hatuvioni.

Juu ya matunda kuna jambo kubwa zaidi. Utafiti wa kimataifa uitwao ISAAC, ambao ulianza mwaka 1991 na ambao hapa Kenya ulifanyika Nairobi na Eldoret, uliwauliza watoto wa sehemu nyingi za dunia kuhusu pumu, mzio na chakula. Matokeo ya chakula yalichapishwa mwaka 2013. Vijana wa miaka 13 na 14 kutoka nchi 51 waliokula vyakula vya haraka kama chipsi na soseji mara tatu au zaidi kwa wiki walielekea kuwa na pumu kali zaidi. Waliokula matunda mara tatu au zaidi kwa wiki walielekea kuwa na nafuu. Hii haithibitishi kwamba chipsi ndizo zilizowaletea pumu. Huenda wale wa chipsi waliishi penye moshi wa magari, au hawakuwa na nafasi ya mazoezi. Lakini ni sababu ya kutosha ya kuuliza kwa nini kibanda kilicho nje ya lango letu kina chipsi mwaka mzima na hakina hata ndizi moja.

Tangawizi. Mwaka 2020 watafiti wa Thailand walichapisha jaribio la wagonjwa 80 wa mafua ya mzio. Nusu walipewa dondoo ya tangawizi, nusu dawa ya loratadini, kwa wiki sita. Makundi yote mawili yalipata nafuu ya pua iliyokaribiana. Habari njema! Ila hapakuwa na kundi la tatu lililopewa tembe tupu, kwa hiyo hatujui kama wangepata nafuu hiyo hata bila chochote. Kikombe cha chai ya tangawizi hakidhuru, na mvuke wake hufungua pua. Mimi nakinywa kila asubuhi.

Habasoda. Watu wa Pwani wanaisifu sana. Kuna majaribio madogo nchini Iran yaliyoonyesha inapunguza muwasho na chafya. Ni madogo, lakini angalau yapo.

Thabai. Huu ni ule mmea unaochoma mkono ukiugusa. Wakikuyu huupika na kuuchanganya na mukimo. Mwaka 1990 jaribio dogo la Marekani liliona unga wa majani yake ukifanya vizuri kidogo tu kuliko tembe tupu. Nyanya aliposikia wazungu wameufanyia majaribio alicheka akasema, "Wangeniuliza mimi, ningewaambia ni mboga."

Samaki. Mafuta ya samaki husifiwa kwa kupunguza uvimbe mwilini, lakini kwa mafua ya mzio ushahidi ni mdogo. Omena ni chakula bora na cha bei nafuu, basi tule kwa sababu hiyo.

TAHADHARI TATU

Ya kwanza: ukoo wa mimea. Pareto, alizeti na kamomili ni mimea ya ukoo mmoja. Mtu ambaye pareto humletea chafya awe mwangalifu na chai ya kamomili na tembe za ekinasia, ambazo huuzwa ati ni za kutuliza mafua. Aweza kuwa anakunywa adui yake yule yule kwa kikombe.

Ya pili: chavua ya nyuki inayouzwa kwenye vikopo kama kirutubisho. Wenye mzio wamewahi kupatwa na hali ya hatari baada ya kuila: midomo kuvimba, koo kuziba, shinikizo la damu kushuka. Hiyo ni dharura ya hospitali, si ya kungoja kesho.

Ya tatu: usiache dawa uliyopewa kwa sababu ya kitu cha asili. Ukitaka kujaribu tangawizi, jaribu pamoja na dawa yako, na umwambie daktari. Tena tembe za usingizi zisichanganywe na masomo. Zile za zamani za klofeniramini hulaza. Mimi nilizimeza siku ya Historia nikalala usingizi wa pono. Za loratadini na setirizini hazilazi sana. Na kwa pua iliyoziba siku nyingi, dawa ya steroidi ya kupuliza puani ndiyo yenye nguvu zaidi, ukielekezwa namna ya kuitumia.

DAFTARI LANGU

Mwaka huu nilifanya jaribio langu. Kila jioni nilijipa alama 0 hadi 3 kwa chafya, 0 hadi 3 kwa macho, na 0 hadi 3 kwa pua kuziba. Alama 9 ni siku mbaya kabisa. Dawa yangu ya kahawia sikuiacha hata siku moja.

Wiki mbili za kwanza za Juni sikuongeza kitu: wastani ulikuwa 6. Wiki mbili zilizofuata nilikula kijiko cha asali asubuhi na jioni: wastani 5. Wiki mbili za mwisho niliacha asali, nikawa naosha pua kwa maji ya chumvi, nabadilisha sare nikifika nyumbani, sianiki foronya nje karibu na nyasi, na nakula tunda kila siku: wastani 3.

Nilikimbia kwa mwalimu wa Biolojia nikiwa na furaha. Akaitazama karatasi yangu, akauliza swali moja: "Na nyasi za uwanjani zilifyekwa lini?"

Nikanyamaza. Zilifyekwa mwanzoni mwa wiki ya tano. Tena wiki hiyo kulinyesha manyunyu, na mvua huiangusha chavua chini. Basi je, ni maji ya chumvi au ni fyekeo?

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo naomba kila msomaji alishike. Ugonjwa wa msimu huisha wenyewe msimu ukiisha. Mtu huanza na asali, inashindwa. Anahamia vitunguu, vinashindwa. Anahamia chupa ya steji, na wiki hiyo nyasi zinakauka. Atakwambia hadi kufa kwake kwamba chupa ndiyo iliyomponya. Dawa inayokuja mwisho ndiyo hupewa sifa. Ndiyo maana kila jirani ana dawa yake, na kila mmoja anaapa.

JINSI YA KUOSHA PUA

Hata hivyo maji ya chumvi siyaachi, kwa kuwa madaktari nao huyapendekeza na gharama yake ni sufuri. Fanya hivi:

1. Chemsha maji yatokote kabisa kwa dakika moja. Ukiwa sehemu za juu kama Molo, dakika tatu, maana huko maji hutokota kwa joto dogo zaidi. Yaache yapoe yawe vuguvugu.
2. Kwa kikombe kimoja, yaani mililita 250, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi ya mezani. Usitumie magadi.
3. Inama juu ya karai, geuza kichwa upande, pumua kwa mdomo. Mimina taratibu tundu la juu, yatokee tundu la chini. Birika dogo safi latosha.
4. Osha chombo, kikauke.

Usitumie maji ya bomba au ya mtungi bila kuyachemsha. Maji ya kunywa hupita tumboni penye asidi, lakini ya puani hayapiti huko, na kuna amiba ambayo, ijapokuwa ni nadra sana, yaweza kupanda kupitia pua hadi kwenye ubongo.

HITIMISHO

Ndugu msomaji, chakula bora hujenga mwili, lakini hakizimi kengele ya mzio peke yake. Tangawizi na habasoda zina dalili za kutia moyo. Asali ni tamu tu. Chupa isiyo na maandishi ni kamari, na anayecheza kamari hiyo anaweka pumzi yake mezani.

Nina maombi mawili. Kwa uongozi wa shule: tafadhali uwanja ufyekwe kabla nyasi hazijatoa maua, hasa mwezi wa mitihani. Kazi ya siku moja ya kufyeka yaweza kuwapa baadhi yetu alama ambazo akili tunazo lakini pua inatunyima. Kwa wenzangu: mzio hauambukizi. Unaweza kukaa dawati moja na mimi, ukanywa maji kwa kikombe changu, na usipate chochote. Niiteni Korona mkitaka, lakini mkiniona nashindwa kumaliza neno, msicheke. Ya bluu iko mfuko wa kulia wa sweta yangu.

Kinga ni bora kuliko tiba. 

MSAMIATI

Chavua: unga wa maua unaotoka sehemu ya kiume ya ua.
Mzio: hali ya mwili kukasirikia kitu kisichodhuru watu wengine.
Kingamwili: kitu ambacho mwili hutengeneza kupigana na kinachouingia.
Kirutubisho: tembe au unga wa kuongezea chakula.
Dondoo: kiini kilichokamuliwa kutoka kwenye mmea.
Usingizi wa pono: usingizi mzito sana.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Eleza tofauti kati ya chafya ya vumbi na chafya ya mzio.
2. Kwa nini asali ya nyumbani haielekei kumzoesha mtu chavua ya nyasi?
3. Mwandishi alikosea wapi katika jaribio la daftari lake? Wewe ungelipanga vipi?
4. Mtu anayesumbuliwa na pareto ajihadhari na chai gani, na kwa nini?
5. Jadili: "Dawa inayokuja mwisho ndiyo hupewa sifa." Toa mfano kutoka nyumbani kwenu.